Nyasi Nilizoziua kwa Jirani

Naikumbuka Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwanangu, ambayo sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Dada yako Nekesa alikuwa na miezi tisa, ndio anaanza kutambaa, na sisi tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tuhamie hapa Buruburu. Nimeikumbuka kwa sababu ya ile picha uliyonitumia juzi kwenye simu, uwanja wa nyumba yenu mpya kule Donholm umekauka rangi ya gunia, na chini yake umeandika, "Mum, hii nyasi imenishinda. Nang'oa yote niweke ya plastiki." Unaniambia fundi ameshakuja na kupima. Basi kabla hajarudi, kaa kidogo nikwambie. Sikukatazi, nyumba ni yako na mume wako. Lakini mimi pia niliwahi kuwa na haraka na nyasi, na haraka yangu ilimuumiza mtu ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Baba yako wakati huo alikuwa karani wa reli, nusu ya wiki yuko safarini. Mimi nilikuwa nafungasha sabuni katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda. Natoka asubuhi, narudi jioni miguu imevimba, na mtoto namwachia jirani. Jirani huyo ndiye Mama Rebeka. Jina lake umelisikia sana humu ndani, ila hukuwahi kumfahamu vizuri. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na waya tu, si huu ukuta uliokulia ukiuona. Mumewe, Mzee Simiyu, alikuwa amestaafu baada ya kutunza viwanja vya manispaa miaka mingi, na kazi pekee aliyoijua na kuipenda maishani ilikuwa nyasi. Wao walitoka Bungoma, sisi Kakamega, basi walitupokea kama watoto wao waliochelewa kufika.

Mama Rebeka alikuwa na nyonga mbovu. Kiti kilimtesa. Akikaa kwenye kiti kwa nusu saa, kuinuka kwake kulikuwa kunakusikitisha. Kilichompa nafuu ni kukaa chini na kunyoosha miguu, na sakafu ya saruji ilikuwa baridi mno kwake. Ndiyo maana mzee alimpandia nyasi pale mbele ya nyumba, zile za Pemba, fupi, zenye jani pana, ukizikanyaga bila viatu unasikia kama unakanyaga blanketi. Kila alasiri Mama Rebeka alitandika leso yake hapo, karibu na waya wetu ambako kivuli cha nyumba kilifika mapema, akachambua mboga huku Nekesa akitambaa kumzunguka. Ijumaa akina mama wa kanisa walikuja, wakaomba na kuimba wakiwa wamekaa hapo hapo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mama yangu yuko mbali, sijui hata kumpa mtoto uji usio na madonge. Karibu yote ninayoyajua ya kulea nilifundishwa juu ya zile nyasi.

Uwanja wangu mimi ulikuwa aibu. Unaujua huu udongo wetu mweusi wa Eastlands. Mvua ikinyesha unashika kiatu usikiachie, jua likiwaka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Nyasi chache nilizozikuta zilikuwa zimemezwa na magugu, hasa yale yenye majani matatu na kaua ka pinki. Mzee Simiyu alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba Jumamosi moja tungekaa tuyang'oe kwa mkono, taratibu, mimi na yeye. Kila mara nilimwambia ndiyo, na kila Jumamosi nikapata kazi nyingine.

Kisha ikaja barua kwamba nyanya yako, mama yake baba yako, anakuja kumwona mjukuu. Nikaingiwa na kiwewe. Mwenzangu mmoja kiwandani alikuwa na kaka mwenye shamba la kahawa, na alinihakikishia kwamba siku hizi hakuna anayeinama kung'oa magugu, kuna dawa. Akaniletea kidogo kwenye chupa ya soda pamoja na pampu ya kunyunyizia. Sikuuliza inaua nini na inaacha nini. Nilisikia neno magugu, nikatosheka. Kipimo nilikisia kwa macho, kisha nikaongeza, maana nilitaka ifanye kazi haraka.

Jumapili hiyo Mzee Simiyu na Mama Rebeka walikwenda kanisani. Mimi niliwaambia mtoto ana mafua. Hakuwa na mafua. Nilisubiri mpaka wakapotea pale kwenye kona, nikamlaza Nekesa, nikatoka na pampu mgongoni. Nilinyunyiza uwanja wangu wote. Nilipofika kwenye waya niliona yale majani matatu yamechungulia upande wa Mama Rebeka pia, machache, pembeni. Nikajiambia kwamba magugu yangu yanatoka kwao, na nisipoyaua huko yatarudi kwangu. Nikajiambia pia kwamba ninawasaidia wazee. Basi nikapenyeza mdomo wa pampu kwenye waya, nikanyunyiza. Nilifikisha dawa hadi mkono wangu ulipofika, na ikaenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa upepo ulikuwa unaelekea kwao.

Alasiri ile ile Mama Rebeka alirudi, akatandika leso yake mahali pake pa siku zote. Nilimwona kwa dirisha. Ningeweza kutoka nimwambie, mama, usikae hapo leo. Nilifunga pazia. Namshukuru Mungu kwamba hakudhurika mwili, lakini nikikumbuka ule mkono wangu ukivuta pazia, hadi leo hii napata joto usoni.

Wiki ya kwanza hakuna kilichoonekana. Ya pili nyasi zilianza kupauka, kisha zikawa njano, magugu pamoja na nyasi, kwangu na kwao. Mwisho wa mwezi uwanja wangu wote ulikuwa umekufa, na upande wa Mama Rebeka palikuwa na baka kubwa la kahawia, pana kama kitanda cha watu wawili, palepale alipokuwa anakaa. Nyanya yako alipofika alisimama mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akauliza kama palitokea moto.

Nilinyamaza. Kila siku nilikuwa najiambia kesho. Mzee Simiyu aliinama pale kwenye baka, akasugua majani makavu kati ya vidole vyake, akainuka bila kusema neno. Hilo nililitafsiri kuwa hajui.

Kilichonivunja ni hiki. Jioni moja nilipitia kumchukua Nekesa, nikamkuta Mama Rebeka amekaa kitandani, miguu ameinyoosha ukutani, mtoto yuko kwenye kikapu cha nguo. Nikamuuliza kwa nini hatoki nje, upande ule mwingine bado kuna nyasi kidogo. Aliniangalia kama mtu aliyekamatwa.

"Ni mimi niliyeziua," akasema. "Maji yangu ya kufulia. Mzee alishaniambia nisiyamwage pale, ila siku nyingine mguu unakataa kufika kwenye mtaro. Sasa ona. Kazi ya mikono yake yote. Nimemwomba msamaha mpaka anakasirika."

Nilimchukua mtoto, nikaenda nyumbani. Baba yako alikuwa Kisumu, na pengine ni vizuri, maana angekuwepo angenipa njia ya kulipamba lile jambo. Asubuhi, kabla ya kazi, nilimkuta Mzee Simiyu kwenye geti lao anatia mafuta bawaba. Nikamwambia yote, dawa, pampu, kanisa, mafua ya uongo. Niliongea nikiangalia mikono yake.

Hakushtuka. Alifuta mafuta kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua ni dawa tangu zilipoanza kupauka," akasema. "Nilimwambia mama si maji, hakuniamini. Ni dawa ya nani, hilo sikujua, na sikutaka kujua. Ningejua ningelazimika kumkasirikia mtu, na hapa tumezungukwa na watu tunaowapenda."

Nikamwambia kwamba ningemnunulia nyasi mpya wiki hiyo hiyo, nyingi kuliko zilizokufa. Hapo ndipo nilipoona amekasirika kweli. Hakupaza sauti, wala sikuwahi kumsikia akipaza.

"Nyasi nitapanda nyingine, binti yangu. Nimepanda nyasi maisha yangu yote. Yule aliye ndani ndiye umemwacha siku zote hizi akiniomba msamaha wa kosa ambalo si lake. Nenda kwake. Na usiende na kitu mkononi."

Nilimwelewa. Nilikuwa tayari nawaza mkate na sukari. Niliingia mikono mitupu, Nekesa mgongoni, nikapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia. Mama Rebeka alisikiliza huku anakunja nepi za mtoto wangu, moja juu ya nyingine, hadi zikaisha. Kisha akasema, "Nimekusikia. Niachie mtoto, utachelewa kazini."

Majuma mengi yaliyofuata alinipa salamu, akaniambia mtoto amekula nini na amelala saa ngapi, basi. Mwanangu, afadhali angenigombeza. Lakini hakuna siku hata moja aliyomkataa Nekesa, wala mtoto hakurudi kwangu mchafu au na njaa. Alikuwa ameumia, na alimbeba mtoto wangu akiwa ameumia hivyo hivyo.

Mimi nilidhani tungepanda mara moja. Mzee Simiyu alikataa. Mvua ya masika ilikuwa imekwisha, baridi ya mwezi wa sita iko mlangoni, na katika baridi nyasi hazikui, zinavumilia tu. Ukipanda wakati huo, alisema, unazipanda ili zikae zikitetemeka. Isitoshe, dawa niliyoizidisha ilihitaji muda itoke ardhini. Tungengoja vuli. Kwa hiyo Mama Rebeka alikaa karibu mwaka mzima bila mahali pake, kwa sababu ya nusu saa yangu ya Jumapili. Akina mama wa Ijumaa wakahamia nyumba nyingine, naye akawa anakwenda akiweza, na mara nyingi hakuweza.

Kungoja kwenyewe hakukuwa kukaa bure. Kila Jumamosi mchana nilivuka geti lao na jembe la meno. Tulivunja ule udongo mweusi, tukauchanganya na mchanga ili maji yapate njia ya kushuka, kisha samadi iliyoiva vizuri, iliyokaa hadi haina harufu, tukaichekecha kwa wavu wa dirisha kuukuu. Tulianza uwanja wao, kisha wangu. Mzee alinifundisha kupapasa udongo kama unavyopapasa unga, kujua umekosa nini. Mama Rebeka alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, ameegemea mwimo, bila kusema kitu. Mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa nane, nimepandisha sketi, jasho linanitoka, nikasikia sauti yake.

"Wewe, unalima au unafukuza panya?"

Niliinua kichwa. Alikuwa anacheka. Nami nikacheka, kisha ikabidi nigeuke nijifanye nimeingiwa na vumbi machoni.

Vuli ilipoanza tulipanda. Vipandikizi tulivichukua nyuma ya nyumba yao, ambako dawa haikufika. Tulivichana vipande vidogo, tukavipanda umbali wa shubiri moja moja, mizizi ndani, jani nje, tukakanyagia kwa kisigino. Kufikia Krismasi vilikuwa vimeanza kushikana mikono. Wazee wakasafiri kwenda Bungoma kwa sikukuu, na wakaniachia uwanja. Unajua maana ya kuachiwa kitu na watu uliowahi kuwaharibia? Nilitembea kama nimebeba mayai.

Januari jua liliwaka. Maji ya mfereji yalikuja mara mbili kwa wiki, nikayakinga kwa ndoo, nikamwagilia alfajiri kabla ya kazi, polepole hadi yazame, kama mzee alivyoniagiza. Zilikaa kijani. Zikarefuka kidogo, zikawa na nywele nywele, na hilo likaanza kunikera. Watu wanapita wanatazama, watasema nimelala. Jumamosi moja nikaitoa mashine ya mzee, nikaishusha visu chini kabisa, nikanyoa hadi karibu na udongo. Jioni ile ulikuwa uwanja mzuri kuliko yote mtaani. Baada ya siku chache jua liliichoma ile mizizi iliyobaki wazi, pakatokea mabaka matatu makavu.

Wazee waliporudi nilikuwa nimewangojea kwenye geti. Hawajatua hata mizigo, kuku bado yuko mkononi mwa Mama Rebeka, nikasema, "Nimezikata fupi mno na zimeungua. Sehemu tatu. Ni mimi."

Mzee Simiyu alitazama, akaniuliza jambo moja tu. "Ulizikata ili zionwe na nani?"

Mama Rebeka akanipa yule kuku nimshike, akamwambia mumewe aache kufanya mahakama pale getini, kwamba safari hii angalau wameambiwa siku ya kwanza. Tukaingia ndani, tukanywa chai.

Masika yaliziba yale mabaka, na katikati ya mwezi wa tano nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama Rebeka ametandika leso yake nje, Nekesa anamzunguka kwa miguu miwili sasa, anaanguka na kuinuka. Akanisogezea nafasi. Nilikaa pale na viatu vyangu vya kazi mpaka giza likaingia, na kile tulichoongea sikikumbuki hata kidogo.

Baadaye walirudi kwao Bungoma wakazeekea huko. Wewe ulikuwa mdogo tulipokwenda kumzika Mama Rebeka, pengine unakumbuka tu lile basi na mvua. Nyumba yao ilipata wenyewe wengine, wakajenga ukuta, wakatandaza matofali mbele yote. Siwalaumu. Wana magari mawili.

Sasa nirudi kwenye picha yako. Huu ni mwezi wa pili, mwanangu. Nyasi zako kukauka sasa si ajabu, zangu pia zimepauka. Kabla fundi hajarudi, chimbua kidogo kwa kidole uutazame mzizi. Ukiwa mweupe na haukatiki ovyo, nyasi iko hai, imelala tu. Usiikate wakati huu wa jua, iache iwe ndefu ijifunike yenyewe. Mwagilia alfajiri mara moja au mbili kwa wiki, maji mengi yazame, kuliko kuinyunyizia kidogo kila jioni. Maji ya kusuuzia mboga yanafaa, ya sabuni kali mwaga kwenye mtaro. Masika yakifika, toboa toboa ardhi kwa jembe la meno, tandaza mchanga na samadi iliyochekechwa, kama ni mbolea ya dukani weka kidogo na usome maandishi kwenye gunia, usikisie kwa macho kama mimi. Ukianza kukata, ondoa theluthi ya juu tu, na kisu kiwe kikali. Baridi ikija mwezi wa sita na wa saba, iache, usiilishe wala usiikanyage ikiwa imelowa. Vuli ikirudi, ziba mapengo. Na magugu, inama uyang'oe kwa mkono mvua ikiwa imelainisha udongo. Ukimpata jirani wa kuinama naye, ni bora zaidi.

Ikiwa baada ya hayo yote bado unataka ya plastiki, weka. Sitakuja na uso wa kukunja. Lakini uamue ukiwa umetulia, usiamue kwa sababu ya macho ya wapita njia.

Na haya mengine si ya nyasi. Kilicho cha mwenzako usikiguse hata kwa wema mpaka umemuuliza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu mahali fulani anabeba mzigo wako akidhani ni wake. Ukienda kuomba msamaha, nenda mikono mitupu. Na akikujia mtu aliyekukosea, hata kama moyo bado unauma, usiikunje mikono yako mbele ya mtoto wake. Hayo nimeyapata kwa wale wawili, na sina urithi mwingine wa kukupa unaozidi huo.

Nakuombea, mwanangu. Mungu ailinde nyumba yako na walio ndani yake. Akupe majirani wa kukwambia ukweli kwa sauti ya chini, na akufanye nawe uwe jirani wa namna hiyo. Watoto wako watambae mahali palipo laini, na uzee wako ukufikie ukiwa na mtu wa kukusogezea nafasi ukae.